Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Jampa za Volteji Kwenye Bodi Mama za Soketi 7

Ukurasa huu unahusu bodi mama za kompyuta zilizotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi karibu na mwaka 2000, hasa zile zenye tundu la prosesa liitwalo Soketi 7, ambazo fundi ndiye aliyetakiwa kuziambia ni volti ngapi ziende kwenye prosesa. Mashine hizo hazijaisha. Zipo zinazoendesha mitambo ya kukata chuma na ya kudarizi kwa sababu kadi ya kuongozea mtambo inahitaji tundu la ISA ambalo kompyuta za sasa hazina, zipo kwa watu wanaokusanya kompyuta za zamani, na zipo stoo zikisubiri mtu atakayezifuta vumbi. Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo wanafunzi wa ufundi na wenye mashine huniletea, na majibu yametolewa kwa urefu pale ambapo kosa moja linaweza kuua prosesa.

Jampa ya volteji ni kitu gani hasa?

Ni kofia ndogo ya plastiki yenye kipande cha chuma ndani, inayovishwa juu ya pini mbili zilizosimama kwenye bodi zikiwa zimeachana kwa milimita 2.54, ili kuziunganisha. Wengi hudhani kwamba umeme unaoilisha prosesa hupita ndani ya kofia hiyo. Kwa kawaida sivyo. Kofia hutoa ishara tu: ikivishwa, hushusha waya mmoja hadi ethi au hubadilisha uwiano wa rezista mbili, na saketi ya kudhibiti volteji iliyo kando ya tundu la prosesa huisoma ishara hiyo na kupandisha au kushusha volti inazotoa.

Ipo aina moja isiyofuata kanuni hii. Kwenye baadhi ya bodi utakuta safu ya kofia nne, tano au sita zilizopangwa bega kwa bega, na kitabu cha bodi kikisema zivishwe zote au zivuliwe zote kulingana na kama prosesa ni ya volteji moja au mbili. Hizo ndizo zinazobeba umeme wenyewe, na ziliwekwa nyingi ili ziugawane. Ukiivisha safu hiyo nusunusu kwa sababu kofia zimekuishia, zilizobaki zitapata moto.

Kwa nini prosesa moja itake volteji mbili tofauti?

Pentium za kwanza za Soketi 5 na Soketi 7, zile za megahezi 75 hadi 200, zilikula volteji moja tu ya takriban volti 3.3, nje na ndani. Januari 1997 Intel ilipotoa Pentium MMX, mambo yaligawanyika: kiini cha prosesa, yaani sehemu inayofanya hesabu, kilitaka volti 2.8, lakini pini zinazozungumza na chipu nyingine za bodi ziliendelea kutaka volti 3.3, kwa kuwa chipu hizo hazikuwa zimebadilika. Tangu hapo bodi ikalazimika kuwa na njia mbili za umeme kuelekea kwenye tundu moja. Kwenye bodi yako njia ya kiini huandikwa Vcore au Vcc2, na njia ya nje huandikwa VI/O au Vcc3.

Sababu ya kushusha kiini ni joto. Joto inalotoa prosesa hukua kwa mraba wa volteji, kwa hiyo kiini kilichoundwa kwa volti 2.8 kikipewa 3.3 hutoa karibu asilimia 39 zaidi ya joto, hata kama kasi haikuguswa kabisa. Nasisitiza hesabu hii kwa sababu mafundi wengi huichukulia tofauti ya nusu volti kama kitu kidogo, wakiilinganisha na volti 230 za ukutani, ilhali kwa prosesa nusu volti ni sawa na kubadilisha mafuta ya injini kwa maji.

Nitajuaje prosesa yangu inataka volti ngapi?

Soma prosesa yenyewe. Usisome kasha la kompyuta, usisome stika ya mbele, na usikubali maneno ya aliyekuuzia. Ondoa feni na hitisinki (chuma cha kupozea prosesa), futa grisi kwa kitambaa chenye spiriti, kisha tazama maandishi ya juu. Kwenye Pentium za Intel geuza pia upande wa pini, kwa sababu mengi huandikwa huko.

Kwa Intel, anza na namba kuu. Ikiwa na 80502 ndani yake, hiyo ni Pentium ya zamani ya volteji moja. Ikiwa na 80503, hiyo ni MMX, na kwenye nyingi utakuta kimeandikwa 2.8V baada ya mstari wa mlazo. Pentium za zamani nazo zina siri yao: baada ya mstari wa mlazo kuna herufi tatu, kwa mfano SSS au VSU, na herufi ya kwanza ndiyo inayokuhusu. S maana yake ni volteji ya kawaida, ile ya 3.3; herufi V maana yake ni kiwango kilichoitwa VRE, kinachoanzia 3.4 hadi 3.6, na bodi nyingi hukipatia nafasi yake iliyoandikwa 3.45 au 3.5. Prosesa ya herufi V ukiiweka kwenye 3.3 haitaungua, ila inaweza kukugandia katikati ya kazi na kukufanya uishuku memori isiyo na kosa.

AMD, washindani wa Intel, walikuwa wakarimu zaidi, kwani waliandika volteji waziwazi juu ya prosesa, ya kiini na ya nje. Hata hivyo ndiko ambako ajali nyingi hutokea, na mfano mmoja unatosha. K6 ya megahezi 233 iliyotoka mwaka 1997 ilitaka volti 3.2 kwenye kiini. Baadaye AMD walipohamia kwenye utengenezaji wenye vipimo vidogo zaidi, wakatoa K6 nyingine ya megahezi 233 hizohizo, inayotaka volti 2.2. Jina lile, kasi ile, tofauti ni volti moja nzima. Kinachozitenganisha ni herufi za mwisho: ANR ni ya 3.2, AFR ni ya 2.2, na ALR, iliyokuwa kwenye zile za 166 na 200, ni ya 2.9. Fundi anayekariri kwamba K6 233 ni tatu nukta mbili ataichoma ya pili kwa joto linalozidi mara mbili ya lile iliyoundiwa.

K6-2, iliyotoka mwaka 1998, kwa sehemu kubwa ni ya volti 2.2, na yenye herufi AHX ni ya 2.4. Upande wa Cyrix, mtengenezaji mwingine wa prosesa, 6x86 ya mwanzo ni ya volteji moja, 3.3 au 3.52 kama ilivyoandikwa juu yake. 6x86L inataka 2.8 kwenye kiini. Na 6x86MX pamoja na ndugu yake MII nyingi zinataka 2.9. K5 ya AMD ni ya 3.52. Maandishi yakiwa yamefutika kabisa na huna njia ya kuitambua prosesa, anza na 2.2 na upande taratibu kama ilivyoelezwa hapa chini, au iache.

Nina bodi lakini sina kitabu chake. Nitajuaje jampa zipi ni za volteji?

Tazama kwanza maandishi meupe yaliyochapwa kwenye bodi yenyewe. Bodi nyingi za miaka ya 1997 na 1998 zina jedwali dogo lililochapwa kando ya tundu la prosesa au katikati ya matundu ya kadi ya PCI, mara nyingi limefichwa na kebo ya diski. Ukilipata hilo, umemaliza. Usipolipata, tafuta jina la bodi na namba ya toleo lake, kisha utafute kitabu cha toleo hilohilo. Namba ya toleo, kwa mfano 1.2 au 2.0, huchapwa kwa herufi ndogo karibu na jina au pembezoni mwa bodi, na ina uzito uleule wa jina.

Nilijifunza jambo hili kwa gharama. Nilikuwa na karatasi ya jampa iliyokuwa imebandikwa ukutani karakana, na bodi iliyoletwa ilikuwa na jina lilelile. Nikavisha kofia kama karatasi ilivyosema kwa ajili ya 2.8, nikawasha, skrini ikatoa picha, nikafurahi. Baada ya dakika chache nikasikia harufu ya vumbi linalochomeka. Kuweka mita, ikasoma 3.31. Karatasi ilikuwa ya toleo la kwanza. Kwenye toleo la pili mtengenezaji alikuwa amegeuza mpangilio wa pini. Prosesa ile ilipona, lakini karatasi ya ukutani niliitoa siku hiyohiyo.

Iko pia njia ya akili. Bodi nyingi zilizokuja baada ya MMX hutumia kofia nne ambazo kila moja ina thamani yake: 0.1, 0.2, 0.4 na 0.8. Bila kofia yoyote saketi hutoa volti 2.0, na kila kofia unayoivisha huongeza thamani yake. Kwa hiyo 2.2 ni kofia ya 0.2 peke yake, 2.8 ni kofia ya 0.8 peke yake, 2.9 ni ya 0.8 na ya 0.1, 3.2 ni ya 0.8 na ya 0.4, na zote nne kwa pamoja hutoa 3.5. Ukiona safu ya jozi nne za pini karibu na koili na kapasita kubwa za tundu la prosesa, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndizo hizo, na unaweza kuthibitisha kwa mita bila prosesa kuwemo. Lakini usichukue mpangilio huu kama sheria, kwani zipo bodi ambazo safu yake ni ya jozi tano au sita, kila jozi ina volteji yake kamili, na kofia inayotakiwa ni moja tu.

Nifuate utaratibu gani ninapobadilisha jampa?

Zima kompyuta, kisha chomoa waya kutoka ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi kwenye pawasaplai za ATX, kwa sababu zinaendelea kupeleka volti 5 za kusubiria kwenye bodi hata kompyuta ikiwa imelala. Baada ya kuchomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe, na gusa chuma cha kasha kabla hujagusa bodi.

Chora ulivyozikuta, au piga picha kwa simu, ukihakikisha kwamba pini ya kwanza inaonekana. Pini ya kwanza huonyeshwa kwa namba 1, kwa pembetatu ndogo, au kwa mstari mnene upande wake. Pasipo na alama, geuza bodi utazame mgongoni, ambako mara nyingi lehemu ya pini ya kwanza ina umbo la mraba wakati nyingine ni duara. Katika jampa ya pini tatu, kuvisha 1 na 2 au 2 na 3 ndiyo tofauti yote iliyopo, na bodi ikiwa imegeuzwa kichwa chini machoni pako, utasoma kinyume bila kujua.

Vua kofia kwa kibano au koleo lenye ncha nyembamba, ukivuta wima. Kofia isiyohitajika usiitupe. Ivishe kwenye pini moja tu, ikining'inia upande, ambapo haiunganishi chochote na haipotei. Kofia iliyolegea, ambayo inavuka bila kukaza, itupe, kwani inaweza kuachia kwa mtikisiko wa feni na volteji ikabadilika mashine ikiwa inafanya kazi.

Ikiwa kazi inakulazimu kuchomoa pawasaplai ya aina ya zamani ya AT, ile yenye plagi mbili zilizopangwa pamoja, kumbuka kwamba wakati wa kurudisha nyaya nyeusi za plagi zote mbili lazima zikutane katikati. Ukizibadilishana, suala la jampa halitakuwa na maana tena.

Je, inawezekana kupima volteji kabla sijaweka prosesa?

Inawezekana, na kwa maoni yangu ndiyo hatua inayomtofautisha fundi na mbahatishaji. Toa prosesa kwenye tundu, weka jampa unavyotaka, weka mita kwenye volti za DC, kisha gusisha waya mweusi wa mita kwenye chuma cha kasha au kwenye waya mweusi wa plagi ya diski. Waya mwekundu ugusishe mwisho wa koili ulio upande wa tundu la prosesa, au kwenye mguu wa chanya wa kapasita kubwa zilizolizunguka tundu hilo. Washa. Jampa ikiwa kwenye 2.8 unatarajia kusoma kati ya 2.75 na 2.9, tofauti ya sehemu chache za mia ni ya kawaida, hasa kwa kuwa hakuna mzigo.

Shika waya wa mita kwa mkono uliotulia na uelekeze ncha yake mahali pamoja. Ncha ikiteleza na kuunganisha miguu miwili ya transista zilizo karibu, utapiga shoti bodi uliyokuja kuiokoa. Mimi huvisha ncha ya mita kipande cha plastiki cha waya, nikiacha milimita mbili tu za chuma nje.

Uko mtego mmoja unaostahili kutajwa. Pentium MMX ina pini iitwayo VCC2DET ambayo kazi yake ni kuijulisha bodi kwamba prosesa iliyomo ni ya volteji mbili, na baadhi ya bodi huitegemea pini hiyo. Kwenye bodi kama hizo tundu likiwa tupu, pini haisemi kitu, bodi huamini kwamba kuna Pentium ya zamani, na mita itasoma 3.3 kwenye kiini hata kama hakuna kosa lolote. Ukipata usomaji huo usiobadilika kwa jampa yoyote ile, soma kitabu cha bodi kabla ya kulaumu saketi.

Nini hutokea volteji ikizidi, na nini hutokea ikipungua?

Ikipungua, mara nyingi hakuna kinachoharibika. Kompyuta haiwaki kabisa, au inawaka na kukatika wakati Windows inapopakiwa, au inafanya kazi vizuri asubuhi na kuganda mchana. Ndiyo maana anayebahatisha huanzia chini: weka 2.2, jaribu, panda hatua moja ya 0.1 kila mara huku ukizima na kuchomoa, na simama pale inapowaka na kutulia, bila kuvuka volteji ya familia ya prosesa hiyo.

Ikizidi, inategemea imezidi kwa kiasi gani na kwa muda gani. Prosesa ya 2.8 iliyopewa 2.9 haitadhurika, na watengenezaji wengi wa bodi walikubali tofauti hiyo. Ikipewa 3.3 inaweza kufanya kazi kwa miezi kadhaa, ikiwa moto kiasi kwamba hitisinki haishikiki, kabla haijaanza kutoa makosa yasiyoeleweka. Na ya 2.2 ikipewa 3.5, hesabu ni sekunde au dakika. Linganisha hilo na kosa la kasi: prosesa ya megahezi 200 ukiipangia 233 kimakosa, ama itafanya kazi ama itagoma, nawe utairudisha ilikokuwa. Kwa hiyo unapobadilisha prosesa, jampa za volteji ziwe za kwanza na jampa za kasi zifuate.

Bodi yangu haina volteji inayotakiwa na prosesa. Nifanye nini?

Kama upungufu ni wa 0.1, chukua iliyo karibu zaidi na uhakikishe feni inafanya kazi. Kama ni zaidi ya hapo, usilazimishe. Bodi za Soketi 5, zenye matundu 320 ya pini badala ya 321, pamoja na Soketi 7 za mwanzo, zina volteji moja tu, na MMX ya kawaida haiziwezi. Kwa ajili ya bodi hizo Intel waliuza Pentium OverDrive yenye MMX, ambayo ina saketi yake ya kushusha volteji juu ya prosesa, na kampuni nyingine ziliuza matundu ya kati yanayokaa baina ya bodi na prosesa kwa kazi hiyohiyo. Vitu hivyo bado hupatikana kwa wauzaji wa mitumba ya kompyuta, kwa bei isiyolingana na thamani yake.

Tazama pia aina ya saketi iliyopo. Saketi ya zamani, isiyo na koili, hushusha volteji kwa kuigeuza ziada kuwa joto: ikitoa 2.8 kutoka kwenye volti 5 kwa amperi 6, transista yake inachoma zaidi ya wati 13, na ndiyo maana imefungwa hitisinki yake pembeni ya tundu. Saketi kama hiyo haifai kwa K6 ya volti 3.2 yenye kiu kubwa ya umeme, hata kama jampa ya 3.2 ipo. Saketi yenye koili ya waya mnene wa shaba hukata umeme vipandevipande badala ya kuuchoma, haipati moto sana, na ndiyo ya kuamini.

Jampa za kasi zinahusianaje na hizi?

Hazihusiani, ila hukaa karibu na hufanana, na huko ndiko kuchanganyikiwa kunakoanzia. Jampa za kasi ni makundi mawili: moja huweka kasi ya basi ya bodi (njia ya mawasiliano kati ya prosesa na chipu nyingine), kama megahezi 60, 66 au, kwenye bodi za mwisho, 100; la pili huandikwa BF0, BF1 na BF2, na huweka kizidishi, yaani namba inayozidishwa na kasi ya basi kupata kasi ya prosesa. Usishangae kitabu cha zamani kisipokuwa na kizidishi cha 3.5 kwa ajili ya MMX 233: weka 1.5, na prosesa yenyewe itakisoma kama 3.5. K6-2 za baadaye nazo hukisoma kizidishi cha 2 kama 6.

Kuna jampa nyingine za volteji ninazopaswa kuziogopa?

Zipo mbili. Ya kwanza ni ya memori. Baadhi ya bodi, hasa za chipu ya Intel 430VX, zina matundu ya memori aina ya DIMM yenye jampa ya kuchagua volti 5 au 3.3. Memori ya SDRAM ni ya 3.3 na ndiyo utakayoitumia karibu kila mara. Acha jampa kwenye 5 na memori yako iko hatarini.

Ya pili ni ya chipu ya BIOS, inayohifadhi programu ya kuwashia kompyuta. Chipu za awali za aina ya flashi zilihitaji volti 12 ili ziandikwe upya, zilizofuata zikahitaji 5, na watengenezaji wa bodi wakaweka jampa ili waweze kutumia yoyote iliyopatikana siku hiyo kiwandani. Jampa hiyo iliwekwa sawa kiwandani. Usiiguse isipokuwa umebadilisha chipu yenyewe.

Ile ya pini tatu iliyo karibu na betri, inayofuta kumbukumbu ya mipangilio, haina hatari ya volteji, ingawa kompyuta haitawaka ukiisahau kwenye upande wa kufuta.

Swichi nyekundu ya 115 na 230 nyuma ya pawasaplai ni jampa ya volteji pia?

Si jampa, lakini swali linafaa, kwa sababu kompyuta nyingi zilizotumika huja Afrika Mashariki kutoka Marekani, zikiwa zimewekwa kwenye 115, wakati umeme wetu ni volti 230 hadi 240. Ukiichomeka bila kuigeuza swichi hiyo, utasikia mlio, utaona moshi, na pawasaplai itakuwa imekwisha kabla kidole chako hakijaondoka kwenye kitufe. Itazame kwanza, kabla ya kufungua hata skrubu moja.

Vipi kuhusu prosesa za 486?

Ugomvi ni uleule kwa namba kubwa zaidi. 486DX na DX2 za kawaida ni za volti 5, DX4 ya Intel ni ya 3.3, na Am5x86 ya AMD ya megahezi 133 ni ya 3.45. Tundu la Soketi 3 hupokea zote, kwa hiyo jampa ndiyo inayoamua, na mara nyingi si moja bali kundi zima linalopaswa kuhamishwa pamoja. Bodi za zamani zaidi zilitoa volti 5 pekee, na DX4 ikiingia humo bila tundu la kati la kushushia volteji, hufa.

Kwa nini kompyuta za leo hazina jampa hizi?

Kwa sababu prosesa ilianza kujisemea yenyewe. Pentium Pro ya mwaka 1995 ilikuja na pini nne ziitwazo VID, ambazo ndani ya prosesa zimeunganishwa au kuachwa wazi kwa mpangilio unaotaja volteji inayotakiwa, nazo zinaunganishwa moja kwa moja na saketi ya bodi. Mtu aliyezoea kofia za 0.1, 0.2, 0.4 na 0.8 ataitambua lugha hiyo mara moja, kwani ni ileile. Tofauti ni kwamba kofia zimehamia ndani ya prosesa. Pentium II ikafuata njia hiyo mwaka 1997, na Soketi 7 ikabaki kuwa kituo cha mwisho cha kazi hii ya mikono.

Nimewasha kompyuta jampa zikiwa vibaya. Nitajuaje kama prosesa imekufa?

Chomoa umeme na ukague mgongo wa prosesa baada ya kuiacha ipoe. Tazama kama kuna madoa ya kahawia kwenye kauri, na tazama transista na kapasita zilizo karibu na tundu, kwa sababu mara nyingine zinazotangulia kufa ni hizo. Kapasita iliyovimba kichwani au iliyovuja maji ya kahawia ibadilishwe kabla ya jaribio lolote. Kisha toa prosesa, sahihisha jampa, na upime tundu tupu kwa mita. Usomaji ukiwa sahihi, saketi ni nzima.

Usirudishe prosesa unayoipenda. Weka Pentium ya zamani ya megahezi 75 au 100, ambayo kila karakana inayo moja kwenye droo, panga jampa zake za 3.3, na uone kama bodi inawaka. Ikiwaka, zima, rudisha jampa za prosesa ile yenye mashaka, pima tena, iweke, na uwashe ukiwa umeweka kidole kwenye hitisinki. Prosesa nzima hupata uvuguvugu taratibu ndani ya dakika moja au mbili. Iliyokufa hubaki baridi kabisa huku feni ikizunguka, au hupata moto wa kuunguza ndani ya sekunde chache, na kwa hali hiyo ya pili zima papo hapo, kwa kuwa imepiga shoti ndani na inaweza kuivuta saketi ya bodi iende nayo.